Rangi zinazowaka zimekwenda wapi? Hoja yangu: tunachagua rangi kwa niaba ya mnunuzi ajaye

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Naomba tulijadili jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo, ila mimi naona lina mengi ndani yake. Ukisimama juu ya daraja la Manzese jioni ukayatazama magari yaliyoganda Barabara ya Morogoro, utaona jeupe, la fedha, jeusi, la kijivu, kisha jeupe tena. Njano inayoonekana kwa wingi ni ile ya vibao vya namba za magari binafsi. Nenda Kimara na Mbezi ukatazame nyumba mpya: ukuta wa rangi ya maziwa au kijivu, madirisha ya aluminiamu, peving ya kijivu uani. Ingia sebuleni, utakuta kochi la kijivu, pazia la kijivu na zulia la kijivu, na mwenyeji atakuambia kwa fahari kwamba vimeendana.

Si Dar peke yake. Mwaka 2020 makumbusho ya Science Museum Group ya Uingereza yalitoa uchambuzi wa picha zaidi ya 7,000 za vitu vya matumizi ya kila siku, vya kuanzia karne ya 19 hadi sasa. Kompyuta ilipima rangi za kila picha, na ikaonekana kwamba kijivu kinaongezeka kadiri miaka inavyosogea. Nchini Marekani, kwa hesabu za tovuti ya iSeeCars, magari meupe, meusi, ya kijivu na ya fedha yalikuwa takriban asilimia 60 mwaka 2004, na kufikia mwaka 2023 yalikuwa takriban asilimia 80. Kwa hiyo anayedhani haya ni mambo ya Wabongo kuiga sebule za kwenye simu ana sehemu ya ukweli, lakini hajaeleza kwa nini hao wanaoigwa nao wamefifia.

Maelezo ya kawaida ni kwamba ni fasheni. Mimi siridhiki nayo, kwa sababu fasheni huja na kupita, na hii haipiti. Ninavyoona, tumezoea kuchagua rangi kwa niaba ya mtu ambaye bado hatumjui, yaani yule atakayenunua au kupanga baada yetu. Mtu anaagiza gari Japani kwa fedha aliyoikusanya kwa jasho, na kabla halijapakiwa melini shemeji zake wameshamkanya asichukue la kijani, maana atakuja kumuuzia nani? Analiendesha miaka yote hiyo, analipia bima na matengenezo, lakini rangi ni ya mtu mwingine ambaye huenda hata hatatokea. Tena tusisahau kwamba magari mengi tunayoyapokea yameshavuka miaka minane, ndiyo maana kuna ushuru wa uchakavu. Maana yake ni kwamba rangi tunazoziona leo Mwenge na Tegeta zilichaguliwa na Mjapani miaka mingi iliyopita, naye pia akiwa na mnada kichwani. Tahadhari ya mtu wa kwanza inarithiwa na wa pili, kisha na wa tatu.

Nyumba ndizo zinazonishangaza zaidi. Mwenye nyumba anapaka maziwa kwa sababu maziwa hayamkimbizi mpangaji. Mpangaji naye hawezi kubadilisha, kwa kuwa mikataba mingi inamtaka aondoke akiacha kuta kama alivyozikuta. Matokeo yake ni kwamba katika mji kama huu, wenye wapangaji wengi kiasi hiki, kuta zisizohesabika zina rangi ambayo hakuna aliyeipenda: aliyeichagua haishi humo, na anayeishi humo hakuichagua.

Sasa rangi zenyewe zimekwenda wapi? Hazijafa. Zimehamia kwa wale wasioogopa kuuza tena, na wa kwanza kati yao ni kampuni. Tazama duka la Mangi mtaani kwako. Ukuta wote ni mwekundu au wa buluu kuanzia chini hadi kwenye bati, na juu yake kuna jina la mtandao wa simu au la soda. Mangi amepata rangi ya bure, kampuni imepata ukuta. Tigo ilipobadili jina kuwa Yas mwishoni mwa mwaka 2024, kuta zikaanza kubadilika mtaa baada ya mtaa. Yaani kitu kinachowaka kuliko vyote katika mtaa wa kawaida wa Dar ni tangazo, na sura ya mtaa inaamuliwa mbali na mtaa.

Baada ya kampuni, kuna timu na vyama. Paka geti lako kijani na njano, utaulizwa kama wewe ni Yanga au ni mwenyekiti wa tawi. Paka nyekundu na nyeupe, umeshakuwa Simba, na siku ya dabi watoto wa jirani watakuimbia getini. Rangi kali hapa kwetu zina wenyewe, na mtu asiyetaka maneno anakimbilia kwenye kijivu kwa sababu hakuna chama cha kijivu. Zilizobaki tumezipeleka kwenye sherehe. Kwenye sendofu na kitchen party tunavaa kijani cha zumaridi na zambarau bila woga wowote, lakini ni kwa agizo la kamati na kwa usiku mmoja. Jumatatu tunarudi kwenye suruali nyeusi.

Jambo la mwisho, na hili ndilo lililonisukuma kuandika. Pwani hii ina historia ambayo inapaswa kutufanya tusiichukulie rangi kama urembo tu. Zanzibar, kabla utumwa haujafutwa mwaka 1897, mavazi ya watumwa yalikuwa merikani, yaani kitambaa cheupe kisichotiwa rangi kilichopata jina lake kwa kutoka Marekani, na kwa wanawake kaniki, ambayo ni merikani iliyochovywa nili hadi ikawa karibu nyeusi. Utumwa ulipofutwa, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliacha kaniki na kununua kanga za rangi na maua, hata kama kipato kilikuwa kidogo, kwa sababu kwa kanga mtu alionekana mitaani kuwa si mali ya mtu. Nikiwatazama wajukuu wa pwani hiyo hiyo wakiogopa kochi la bluu, huwa najiuliza ni nani hasa wanayemwogopa.

Naomba kuwasilisha.

---

Fundi Rangi, Tabata

Mkuu mleta uzi, umeandika vizuri, lakini umeiacha ndoo nje, na kwenye ndoo ndiko mambo mengi yanakoamuliwa. Mimi kazi yangu ni kupaka, naomba niongeze.

Rangi nyeupe na zile zinazotokana nayo kwa kuongezwa tone, kama maziwa na krimu, zina unga mweupe wa titani ambao unaziba ukuta vizuri sana. Ukishapiga skimu, koti mbili zinatosha na ukuta umefunikwa. Mteja akitaka nyekundu iliyoiva au chungwa, dukani hawawezi kuichanganya kwenye besi nyeupe, yaani rangi ya msingi, kwani itatoka pinki. Wanachukua besi isiyo na weupe na kuijaza rangi, na rangi ya namna hiyo inapitisha mwanga. Unapiga koti ya tatu, wakati mwingine ya nne, na bado ukiwasha taa unaona alama za rola. Hapo mteja anahesabu ndoo za lita 20 na siku za fundi, kisha anasema, "Basi fundi, weka tu maziwa."

La pili ni jua letu na chumvi ya bahari. Ukuta wa nje wenye nyekundu au zambarau inayong'aa hauchukui muda mrefu kabla haujapauka, kwa sababu mionzi ya jua huvunja vile vinavyoipa rangi hiyo ukali. Zile za asili ya kutu ya chuma, kama rangi ya udongo mwekundu, njano ya udongo na damu ya mzee, hudumu. Ndiyo maana nyumba nyingi za uswahilini zina maziwa juu na mkanda wa damu ya mzee chini: mkanda unaficha matope yanayorushwa na mvua, na haupauki haraka. Hapo hakuna aliyemfikiria mnunuzi, ni akili ya mtu anayejua masika.

La tatu ni la afya, na naomba lisipuuzwe. Rangi za mafuta za zamani, hasa njano, chungwa na nyekundu, zilipata ukali wake kutokana na misombo ya madini ya risasi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Taasisi ya mazingira ya AGENDA ya hapa Dar imepima rangi za mafuta za madukani zaidi ya mara moja na kuikuta, na kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 tu kwa milioni. Kwa hiyo si kila mng'ao uliopotea ni wa kulilia. Hizi rangi za mafuta za makopo ndizo zile zile ambazo Edward Saidi Tingatinga alianza kuzitumia mwaka 1968 kule Msasani, akichora kwenye vipande vya mbao za dari, na sifa ya kuwaka kwa picha za Tingatinga ilianzia kwenye makopo hayo. Uzuri ulikuwepo, lakini kitanda cha mtoto kilichopakwa njano enzi hizo nisingeshauri akitafune.

---

Muuza Magari, Kinondoni

Nakubaliana na mleta uzi kuhusu woga wa kuuza, maana nauishi. Mteja akija huuliza injini, kilomita na mwaka, na nikimwambia rangi ni ya chungwa, anashusha bei hapo hapo hata kama moyoni ameipenda, kwa kuwa anajua naijua hofu yake. Ila kuna sababu nyingine ambayo wasio na gari hawaioni. Foleni za Dar ni za kugusana. Bajaji ikikuchubua mlangoni, nyeupe ya kawaida inachanganywa gereji yoyote na kesho hakuna anayejua. Nyeupe ya lulu, ile inayometameta, ina tabaka juu ya tabaka, fundi asipokuwa makini mlango unabaki na kivuli, na nyekundu iliyokaa juani miaka kumi haifanani tena na nyekundu yoyote iliyoko kwenye kopo. Gari jeupe ni nafuu kuugua nalo.

Kuna wanaosema pia ni joto. Maabara ya Lawrence Berkeley ya Marekani iliyaweka juani magari mawili ya Honda Civic, jeusi na la fedha, na katika matokeo ya mwaka 2011 ndani ya lile la fedha kulikuwa na nafuu ya nyuzijoto kama tano au sita. Ni kweli, lakini kama joto ndilo lingekuwa linaamua, wakubwa wasingepanda meusi.

Swali langu kwa mleta uzi ni moja: mbona bajaji zinawaka? Nyekundu, njano, buluu, kijani, na zinauzwa mkono wa pili kila siku kuliko magari.

---

Msomaji wa Upanga

Wachangiaji, naomba kuwa mkorofi kidogo. Mimi ni mtu mzima, na Dar ya rangi mnayoililia siikumbuki. Nyumba nyingi zilikuwa za chokaa nyeupe au za udongo usiopakwa kitu, juu makuti au bati lililoshika kutu. Magari yalikuwa machache kiasi kwamba mtu aliyajua kwa wenye nayo. Rangi zilikuwa kwenye mahekalu ya Wahindi Mtaa wa Kisutu, kwenye maghorofa machache ya Upanga na Kariakoo yenye kijani na pinki iliyopoa, na kwenye nguo za kina mama. Leo ukiwa ndani ya ndege inayoshuka Kipawa unaona mabati ya buluu, mekundu na ya kijani kila upande, ambayo miaka ya 1970 hayakuwepo.

Hata ule uchambuzi wa Uingereza usomwe kwa makini. Vitu vya kale vilivyopigwa picha vilikuwa kwa kiasi kikubwa vya mbao na ngozi, na rangi iliyopungua kwa kiasi kikubwa ni kahawia. Simu ya kale ilikuwa ya mbao, ya leo ni ya plastiki, kioo na chuma. Sasa je, kahawia ya mbao nayo tuiite rangi inayowaka? Na Henry Ford alitoa magari yake meusi matupu tangu mwaka 1914 hadi 1925, kwa hiyo barabara za Marekani zimewahi kuwa nyeusi kuliko hizi za sasa, zikaja kujaa rangi, na zikafifia tena. Mwenye subira asubiri.

---

Mama Madera, Mtaa wa Uhuru

Kaka zangu, nimesoma kuanzia juu hadi hapa na kila mtu anazungumzia gari, ukuta na kochi. Vitu vya wanaume hivyo, au tuseme vitu ambavyo baba ndiye mwenye neno la mwisho. Njooni dukani kwangu. Dera la chungwa lenye maua ya zambarau linatoka kabla ya lile la kijivu, na la kijivu nalileta kwa ajili ya wateja wa ofisini tu. Pandeni daladala ya Mbagala saa mbili asubuhi mhesabu kanga, vitenge na madera. Mleta uzi alisimama juu ya daraja, rangi zilikuwa ndani ya magari.

Ninachokubali ni kwamba kanga imesogea. Zamani mtu alitoka nayo kwenda popote, sasa ni ya jikoni, ya msibani, ya kumbebea mtoto na ya kulalia. Akitaka kwenda benki anaivua. Na mitumba nayo imechangia, kwa sababu tangu milango ilipofunguliwa miaka ya 1980, kijana wa Mchikichini anavaa alichokichoka mtu wa Ulaya, na mtu wa Ulaya amechoka jinzi na fulana nyeusi. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilipofunguliwa mwaka 1968 kilikuwa kinachapa kanga na vitenge vya kutuvalisha sisi wenyewe. Rangi ya nguo ya mtu ilianzia kwenye meza ya mchoraji aliye Dar. Hilo ndilo ningelililia mimi, kuliko kochi.

---

Mleta uzi

Nashukuru kwa michango. Naomba nijibu kwa pamoja, nikianza na Mama Madera kwa sababu yeye ndiye aliyeigusa hoja katikati.

Mama, hayo madera ndiyo ushahidi wangu bora kuliko wote niliouweka mwanzo. Dera halina mnunuzi wa pili. Ukishalinunua ni lako hadi linageuka tambara la kupigia deki, hivyo unachagua unachokipenda. Tazameni vitu vyote vilivyobaki na rangi majumbani mwetu: beseni, ndoo, kiti cha plastiki, chupa ya chai yenye maua, mkeka wa ukindu. Vyote ni vitu ambavyo mtu hanunui akiwa na hesabu ya kuviuza. Kisha tazameni vilivyofifia: gari, nyumba, kiwanja chenye fremu, hata kochi la Keko, ambalo siku hizi linapigwa picha na kuwekwa mtandaoni likiwa bado na nailoni. Mstari unaopita katikati ya makundi haya mawili hauhusiani sana na umri, dini wala kipato.

Kuhusu bajaji, mkuu wa Kinondoni, nadhani jibu umelitoa mwenyewe. Bajaji ni kitendea kazi. Anayeinunua hataki ionekane ya mtu mwenye heshima, anataka injini isiyosumbua na hesabu ya siku ipatikane, hivyo rangi haiingii kwenye bei na kila mmoja anabaki na ile iliyotoka kiwandani. Na kwa wanaoamini kwamba rangi tulivu hulinda thamani, wale wale iSeeCars wamekuta kwamba nchini Marekani magari ya njano ndiyo yanayopoteza thamani polepole kuliko rangi nyingine, kwa sababu ni machache na wanaoyataka wanayataka kweli. Soko letu si la Marekani, lakini inatosha kuonyesha kwamba hofu hii inasimama kwa mazoea zaidi ya hesabu.

Mzee wa Upanga, shikamoo. Mabati nayakubali, na chokaa pia. Ila chokaa ilikuwa nyeupe kwa sababu ndiyo iliyopatikana, ilhali mtu wa leo anasimama mbele ya kitabu chenye sampuli mamia, anaigusa ile ya bluu, anaisifia, kisha anaonyesha kijivu. Hicho ndicho ninachokizungumzia. Na hata hayo mabati ya msauzi, kwenye nyumba mpya za Goba na Madale sasa yanaagizwa ya mkaa na kijivu kisichong'aa. Ya Ford nayajua, lakini nyeusi ile iliamuliwa na kiwanda kwa ajili ya urahisi wa kazi, na rangi za kukauka haraka zilipopatikana miaka ya 1920 watu walizikimbilia. Sisi rangi tunazo, na tunazikimbia.

Fundi, la risasi umefanya vizuri kulisema.

---

Mama Madera, Mtaa wa Uhuru

Basi nami nina swali kwa Fundi. Nimepanga Sinza, sebule ina ukuta mmoja mkubwa unaotazamana na mlango. Ninataka huo mmoja tu uwe chungwa, ile iliyoiva. Mwenye nyumba ni mtu wa maziwa. Nifanyeje?

---

Fundi Rangi, Tabata

Dada yangu, inawezekana kabisa, na ukuta mmoja hauna gharama ya kutisha. Chukua rangi ya maji, ya ndani, uulize dukani kwa uwazi kama haina risasi na usome kopo. Usiipige chungwa moja kwa moja juu ya maziwa, utamaliza ndoo. Mwambie fundi wako apige kwanza koti moja ya kijivu hafifu au ya njano ya udongo, ikauke vizuri, ndipo aweke chungwa koti mbili, itaziba mapema. Kwa kuwa ni ndani na jua haliupigi moja kwa moja, haitapauka upesi.

Kuhusu mwenye nyumba, usipake kwanza ndipo umwambie. Mwandikie kwamba siku ya kuhama utaurudisha ukuta kwenye maziwa kwa gharama yako, mtie saini wote wawili, na ubaki na nakala. Kurudisha ni andakoti moja nyeupe na koti mbili za maziwa juu yake. Akikubali, niite.